Ukoo Hauketi Pungufu

Mwaka 2017, katika msimu wa vuli, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ulianza kutoa tumbo. Niligundua Jumamosi, tarehe 4 Novemba, nilipokuwa nikisogeza kabati ili nifagie. Plasta ilikuwa imeachana na tofali, na ufa ulikuwa umeshuka kutoka kwenye mbao za paa hadi sakafuni. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Malindi ya huku Lushoto, imekatiwa mlimani: mbele ni mwanga na bonde la kabichi, nyuma ni ngome ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, udongo ule hunywa, huvimba, kisha husukuma.

Mtu mwingine angemwita fundi siku iyo hiyo. Mimi sikuweza. Mume wangu alikuwa amefariki Jumapili, tarehe 12 Juni 2016, tukamzika Jumatano, na tangu siku hiyo matanga yake yalikuwa hayajavunjwa. Katika ukoo aliozaliwa, nyumba ya marehemu haiguswi mpaka matanga yavunjwe: haipigwi msumari, haichimbwi msingi, haiongezwi jiwe wala haipunguzwi. Anayeigusa kabla ya hapo amejigawia mirathi kwa mkono wake mwenyewe. Na matanga huvunjwa na kikao cha ndugu wote wa tumbo moja, walioketi kwa mpangilio wa kuzaliwa, kila mmoja kwenye kiti chake.

Ndugu waliobaki walikuwa watatu. Mkubwa wao aliishi ng'ambo ya bonde, karibu kiasi cha mimi kuuona moshi wa jiko lake. Wa pili alikuwa na duka la pembejeo Korogwe, na alipanda mlima kila alipoitwa. Mdogo wao alikuwa ameondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa ziwa, miaka kadhaa kabla ya msiba. Simu yake ilikuwa imekoma kupatikana, na hapakuwa na mtu aliyejua kama yu hai. Kwa hiyo kikao hakikukaa. "Ukoo hauketi pungufu," alisema shemeji yangu mkubwa siku ya mazishi, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa siku ile sote tulidhani ni jambo la majuma machache.

Yafaa nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyonifanya niione hali yangu kwa uwazi ambao nisingeutamani. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1981, nikaolewa, nikalea, nikalima. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 1999 kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Watahiniwa wenzangu waliniamkia na kunipisha mlangoni, wakidhani mimi ndiye msimamizi. Shahada ya kwanza niliipata mwaka 2008, ya pili mwaka 2012, na mwaka huohuo chuo kimoja mjini Lushoto kiliniajiri kufundisha somo ambalo wenzangu walilikwepa, yaani Utafiti wa Uendeshaji. Ni elimu ya kumsaidia meneja kuamua kwa hesabu badala ya kuamua kwa hasira au kwa mazoea. Unaandika lengo lako. Unaandika masharti yanayokubana: lori linabeba kiasi gani, vibarua wanapatikana saa ngapi, mzigo unaharibika baada ya muda gani. Kisha, ndani ya masharti hayo, unatafuta jibu lililo bora kuliko yote. Sioni aibu kusema kwamba nililifundisha vizuri. Sikupewa somo hilo kwa kuhurumiwa.

Lengo langu mwenyewe lilikuwa rahisi kuliandika. Nilitaka kuujenga upya ule ukuta kabla haujaanguka, niwakabidhi binti zangu funguo za nyumba iliyo imara, kisha nihamie mjini, karibu na maktaba na mbali na ukungu. Nyumba ile tuliijenga wawili, mimi na mume wangu, tukibeba mchanga kutoka mtoni wakati wa likizo zake za ualimu. Sikuwa tayari kuiacha ife, wala sikuwa tayari kufa ndani yake.

Nilianza na njia ya chuo. Mkuu wa idara alipousikia ule ufa alinipa jibu la haraka. "Mwalimu, ipo nyumba ya chuo iliyo wazi. Hamia wiki hii hii, mengine utayamaliza ukiwa salama."

Alisema kwa wema, lakini hakuwa mtu wa kwetu. Mjane anayehama kabla ya matanga kuvunjwa amejitoa mwenyewe, na nyumba hurudi kwa ukoo bila neno kusemwa. Nilimshukuru, nikarudi Malindi.

Kisha nikajaribu sheria. Jumatatu, tarehe 15 Januari 2018, nilivaa suti yangu ya kijivu nikaenda Mahakama ya Mwanzo kuuliza jinsi ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Karani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, leta muhtasari wa kikao cha ukoo kilichokupendekeza."

"Kikao hakijakaa."

"Basi kikae."

"Nimekuja hapa kwa sababu hakikai."

"Pole, mama. Lakini tunaanzia kwenye kikao." Akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nilitoka nikiwa nimenyoosha mgongo. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Chuo kilinitaka nitoke, mila ilinitaka nikae, mahakama ilinirudisha kwenye mila, na mila ilimngoja mtu ambaye hayupo. Nilipofika nyumbani niliupima ukuta kwa kiganja. Tumbo lilikuwa limeongezeka.

Masika ya mwaka ule ilikuwa nzito. Binti zangu wawili, mmoja Dodoma na mwingine Moshi, walinipigia simu kwa zamu, wote wakisema neno moja: "Hama, mama." Niliwajibu kwamba nyumba ni yao na sina haki ya kuitupa. Wiki ya pili ya Aprili, shemeji yangu mkubwa alivuka bonde mwenyewe, kwenye tope, akiwa na wanawe na nguzo za mkaratusi mabegani. Wakauegemeza ukuta kwa ndani, sebuleni, nguzo tatu zilizokita katikati ya viti vyangu. "Nguzo si ukarabati," alisema, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza. Tangu siku hiyo, ili nifike mezani, ilinibidi niiname.

Jumanne, tarehe 17 Aprili, nilikuwa na kipindi cha maabara ya kompyuta. Niliwapa wanafunzi swali la lori la mboga linalotoka Malindi kwenda Dar es Salaam: oda za wateja, ukubwa wa lori, saa za vibarua, na muda ambao kabichi hustahimili njiani. Niliziweka namba kwa makusudi zisipatane. Haukupita muda, kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Madamu, nimerudia kuingiza namba mara mbili. Mashine inasema hakuna jibu."

"Mashine haijakosea."

"Kwa hiyo swali ndilo limekosewa?"

"Wala swali halijakosewa. Masharti yanakataana. Ukilitii hili, umelivunja lile."

Sauti ikatoka nyuma, kwa yule mchekeshaji ambaye kila darasa humzaa mmoja: "Basi meneja akalale, Madamu! Si hakuna jibu?"

Walicheka. Nikawaacha wamalize.

"Meneja anayekwenda kulala ameshaamua," nikamwambia. "Ameamua kabichi zioze. Nyinyi tafuteni sharti lipi linaweza kulegezwa, na kulilegeza kunamgharimu nani, kiasi gani. Gharama hiyo tunaiita bei ya kivuli."

Msichana aliyekaa dirishani, ambaye kwa kawaida hakusema neno, akauliza: "Na kama mwenye sharti hataki kulilegeza, Madamu?"

"Muulize kwanza kwa nini aliliweka."

Jibu lilitoka kabla sijalifikiri. Nikageukia ubao, nikaandika kichwa cha mada, na mkono wangu ukiwa bado juu nikatambua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nimemwomba shemeji yangu, nimemsihi, nimemnunia. Kumuuliza, sikuwa nimemuuliza.

Nilikwenda Jumapili, tarehe 20 Mei, baada ya ibada. Nilimkuta kijitoni, suruali ameikunja, anaosha karoti za soko la Jumatatu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mwalimu. Ukuta umesimama?"

"Umesimama kwa nguzo zako. Shemeji, leo nimekuja kuuliza, sikuja kubishana. Kwa nini lazima muwe wote?"

"Ndivyo alivyotufundisha baba."

"Baba alijua kwamba kuna siku mmoja atapotea?"

Alisugua karoti moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mwalimu, sikiliza. Siku nitakapokiondoa kiti chake nikaketi na waliobaki, nimesema amekufa. Nimelisema mimi, mkubwa wake. Mama yetu aliondoka duniani akimngoja. Wewe mumeo umemzika, kaburi lake unalifyekea. Mimi huyu nimzike wapi?"

Maji yalipita baina yetu, mekundu kwa udongo.

"Na ukuta ukiniangukia mimi?" nikauliza hatimaye.

"Njoo ukae kwangu."

"Nikija kwako nimehama."

"Ndiyo," akasema. Akaitia karoti kapuni. "Hapo na mimi sina jibu."

Nilipanda kurudi nyumbani nikiwa na kile nilichokwenda kukitafuta, nacho kilinifungia mlango wa mwisho. Bei ya kivuli ya sharti lile ilikuwa ndugu yake. Mtu hawezi kumwomba mwenzake alipe hivyo kwa ajili ya tofali. Kuanzia siku hiyo sikumnunia tena, na sikumwomba tena. Niliinama chini ya nguzo asubuhi nikienda kazini, nikainama chini ya nguzo nikirudi, na kiangazi kikapita, na vuli nyingine ikaanza kunyesha.

Jumapili, tarehe 2 Desemba 2018, mjukuu wa shemeji yangu alipata kipaimara, na ukoo mzima ukakusanyika nyumbani kwa babu yake kwa chakula. Wanaume wa tumbo moja waliketi barazani kwa mpangilio wao. Baada ya wa pili kiliwekwa kigoda cha mdogo wao, kama ilivyokuwa desturi katika kila karamu, na juu ya stuli mbele yake sahani ya pilau iliyofunikwa. Hakuna aliyekitazama kigoda kile. Tulikuwa tumezoea kupita kando yake kama watu wanavyopita kando ya kisima.

Ndipo alipofika jirani yetu, Mzigua wa Handeni aliyeolewa Malindi, muuza matunda wa njia panda. Wazigua na Wasambaa ni watani, na yule mama aliifanya kazi ya utani kwa bidii zaidi kuliko kuuza plamu.

"Nyie Wasambaa," alianza akiwa bado getini, tope limemfika magotini, "Mungu aliwaumba au aliwabandika? Mtu mzima nimekuja natambaa ukutani kama mjusi, kisa pilau!"

"Mzigua wa nyika," akajibu shemeji wa pili, "kwenu maji mnayaona kwenye kikombe. Nawa miguu, leo ni bure."

"Nitanawa nikishashiba." Akatazama huku na huku, watu wote wameketi, mikeka imejaa. Kisha akapanda barazani, akakikalia kile kigoda, na kuifunua sahani.

Nilikuwa mlangoni nimeshika upawa. Wake wa ukoo waliacha kupakua wote kwa pamoja.

"Mama, toka hapo," shemeji wa pili akasema kwa upole, tabasamu likiwa limekwama usoni. "Hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi. Nimerudi." Akatia tonge kinywani. "Kaka mkubwa, hunisalimii?"

Mtani akishaketi hafukuzwi, na anayemkasirikia hutozwa mbuzi na kuchekwa mwaka mzima. Lakini hayo ni ya mizaha ya kawaida, na sote tulijua kwamba hapa pameguswa pasipoguswa. Shemeji yangu mkubwa alimtazama. Kisha akakohoa.

"Karibu, mgosi," akasema, kama Wasambaa wamwitavyo mwanamume. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Shimoni. Nimetafuta dhahabu, nikapata mawe magumu kama vichwa vyenu."

Watu wakapasuka kwa kicheko, cha ahueni zaidi kuliko cha furaha.

"Mbona hukupiga simu?"

"Nipige ili iweje? Nyie ndugu mkiona namba ngeni mnaikata, mnadhani nataka nauli!"

"Na umekonda, mgosi."

"Kwa sababu mlinipikia kila karamu na hamkunitumia hata mfupa."

Kicheko kikaja tena, kikapungua, kikaisha. Shemeji yangu akainama mbele kidogo. "Umesikia kwamba kaka yako amefariki?"

Yule mama aliacha kutafuna. Alipojibu, sauti ilikuwa bado ya utani, ila imeshuka.

"Nimesikia. Na nimesikia kwamba mnaningoja mimi ndipo mvunje matanga. Nani aliwatuma? Nyumba ya kaka yangu imwangukie shemeji yangu kwa ajili ya makalio yangu? Haya, makalio ni haya hapa, yamekaa. Kaeni na nyie, tumalize."

Shemeji yangu alicheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na kicheko kilipokwisha mabega yaliendelea kutikisika. Akavua kofia yake, akajifutia uso.

"Basi umekaa, mdogo wangu," akasema. "Jumamosi uje ukae tena. Usichelewe."

Katika somo langu kuna njia tunayoitumia pale hesabu inapokosa mahali pa kuanzia. Tunaingiza kigezo bandia. Hakiwakilishi kitu chochote duniani. Kazi yake ni kushika nafasi ili hesabu ianze kutembea. Kanuni yake ni moja, nami niliisisitiza kila mwaka: kabla ya mwisho lazima kitoke, kwa maana jibu lenye kigezo bandia ndani yake si jibu. Niliosha sufuria jioni ile nikiiwaza kanuni hiyo, na sikuwa na furaha kamili kama nilivyotarajia kuwa nayo siku ambayo njia ingefunguka.

Walikaa Jumamosi, tarehe 8 Desemba. Mtani alifika mapema, akaketi mahali pake, akadai kuku kwa kazi ya kukaa, akapewa. Matanga yakavunjwa. Mimi nikapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na ruhusa ya kuujenga ukuta ikatolewa palepale. Kisha shemeji yangu mkubwa akasema kwamba kwa kuwa mdogo wao ameketiwa na mtani tu, hajaketi mwenyewe, lipo neno moja la kuongeza. Nyumba isiuzwe, isipangishwe, isiachwe tupu. Chumba kimoja kitandikwe kwa ajili yake. Na mimi, niliyekabidhiwa, niishi humo.

"Mpaka lini, shemeji?" nikauliza.

"Mpaka arudi."

Hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Mimi ambaye huwakata alama wanafunzi wanaoandika sharti lisilo na kikomo, niliketi nikalisikiliza langu likiandikwa kwenye muhtasari. Maktaba ya mjini, nyumba ya chuo, funguo mikononi mwa binti zangu, vyote nilivitazama vikirudi mahali vilipokuwa. Nilishukuru kama inavyopasa. Maombi yakapelekwa mahakamani, tangazo likabandikwa, tukasubiri, huku mafundi wakikusanya mawe uani na masika ikikaribia.

Shauri lilisikilizwa Alhamisi, tarehe 21 Februari 2019. Hakimu alikuwa kijana kutoka mkoa mwingine, mwenye kusoma kila neno. Alipofika kwenye orodha ya waliohudhuria, kalamu yake ilisimama.

"Hapa pameandikwa, 'hayupo, ameketiwa na mtani wa ukoo.' Maana yake nini?"

Karani, aliye mwenyeji, alianza kueleza, lakini shemeji yangu akasimama. "Mheshimiwa, maana yake hatukumzika."

Hakimu alimtazama, akautazama tena muhtasari. "Mzee, sheria haikuhitaji awepo. Wala haikumhitaji mtani."

"Sisi tulimhitaji, Mheshimiwa."

Akaandika jambo. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hapakuwa na sauti. Akanitamkia kwamba nimeteuliwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mume wangu. Kisha akaigeuza karatasi.

"Mama, kuhusu hili la kuishi humo mpaka huyu arudi. Hili ni la ukoo, si la mahakama. Mimi sikulazimishi, wala hakuna atakayekulazimisha kwa amri yangu. Nitalinukuu tu ikiwa unalikubali kwa hiari yako. Unalikubali?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika muda wote ule kwa mtu kunifungulia mlango na kusimama kando. Nilimgeukia shemeji yangu. Hakuwa akinitazama mimi wala hakimu. Pale pembeni, kwenye korido, palisikika miguu ya mtu anayekuja, na yeye alikuwa ameugeuzia uso mlango, akisikiliza. Miguu ikapita.

"Ninalikubali, Mheshimiwa," nikasema.

Akalinukuu. Muhuri ukagongwa, na karani akaita shauri linalofuata.